Uhandisi Upi Usomwe Kwanza?

Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka na dirisha la maombi ya vyuo kufunguliwa, kijana aliyesoma PCM, yaani fizikia, kemia na hisabati, huwa na wiki chache tu za kuamua jambo ambalo lingestahili kufikiriwa mwaka mzima. Mbele yake kuna orodha ndefu: uhandisi ujenzi, umeme, mitambo, kemikali, migodi, kompyuta, mawasiliano, petroli, mazingira, umwagiliaji, vifaatiba, mekatroniki. Kila jina lina mvuto wake, na kila ndugu ana la kusema. Anayetamani kutengeneza miguu bandia ataambiwa asome vifaatiba. Anayependa roboti ataelekezwa mekatroniki, na aliyesikia habari za gesi ya kusini ataambiwa petroli ndiyo yenye pesa. Ushauri wa namna hii unapendeza kwa sababu jina la shahada linafanana na jina la ndoto. Kwa kijana anayekusudia kuendelea hadi uzamili, mimi naona ufanano huo ndio unaowapoteza wengi.

Jibu langu nalitoa mapema ili msomaji ajue ninakoelekea. Anayetaka kubobea baadaye aanze na shina, yaani moja ya fani nne pana: ujenzi, mitambo, umeme au kemikali. Tawi lisubiri shahada ya pili. Sababu ya kwanza ni ya kitaaluma, na nitaieleza kwa urefu. Ya pili inatuhusu zaidi sisi wa huku: wengi wanaokusudia kuendelea na masomo hawaendelei, au huendelea baada ya miaka mitano au kumi ya kazi. Mkopo wa serikali huwalenga zaidi wanafunzi wa shahada ya kwanza, na uzamili mara nyingi mtu hujilipia mwenyewe au hungoja ufadhili usio na uhakika. Kwa hiyo shahada ya kwanza ni lazima iweze kumsimamisha mwenye nayo hata kama ya pili haitakuja.

Fani hizo nne zilitokana na kazi zenyewe. Wahandisi ujenzi wa London waliunda taasisi yao mwaka 1818, enzi za mifereji, madaraja na bandari. Wahandisi mitambo wakaunda yao mwaka 1847, reli na injini za mvuke zikiwa zimepamba moto. Watu wa umeme walifuata mwaka 1871, wakianza kama chama cha wahandisi wa telegrafu. Uhandisi kemikali ndio mdogo wao: chuo cha MIT cha Marekani kilianza kuufundisha mwaka 1888. Sisi tuliurithi mpangilio huo. Wakati wa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kati ya 1963 na 1970, uhandisi ulifundishwa Nairobi, udaktari Makerere na sheria Dar es Salaam, hivyo kijana wa Tanganyika aliyetaka kuwa mhandisi alikwenda Nairobi. Kitivo cha Uhandisi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifunguliwa mwaka 1973 kwa msaada wa Ujerumani Magharibi, nacho kikaanza na ujenzi, mitambo na umeme. Kemikali ilikuja baadaye.

Kilichozifanya fani hizo nne zidumu ni kile kilicho chini yake. Mwaka 1955 kamati ya waelimishaji wa uhandisi wa Marekani, chini ya uenyekiti wa L. E. Grinter, ilitoa ripoti iliyotaja sayansi sita za uhandisi: mekanika ya vitu yabisi, mekanika ya vimiminika na gesi, termodinamiki, uhamaji wa joto na maada, nadharia ya umeme, na tabia za malighafi. Mitaala mingi duniani, ya kwetu ikiwemo, bado inasimama juu ya hizo sita. Fani pana hukupa tatu au nne kati yake kwa kina, pamoja na hisabati ya kuzibeba, na zinazobaki hukupa kwa juu juu. Karibu kila tawi jipya linalotajwa leo, iwe ni betri, droni, viungo bandia au nishati ya jua, ni mchanganyiko wa hizo sita na maarifa machache ya ziada. Maarifa hayo ya ziada mtu hujifunza kwa mwaka mmoja au miwili. Hizo sita hazipatikani kwa mwaka mmoja.

Mfano ulio wazi kuliko yote ninaoujua uko Olkaria, karibu na Naivasha. Mtambo wa kwanza wa umeme wa jotoardhi ulianza kuzalisha pale mwaka 1981, ukiwa na uwezo wa megawati 15. Leo Kenya ina zaidi ya megawati 900 za jotoardhi na hakuna nchi ya Afrika inayoikaribia. Ujuzi huo ulipatikanaje? Haukutokana na shahada ya kwanza ya jotoardhi. Walioijenga Olkaria walikuwa wahandisi mitambo, wahandisi umeme, wahandisi kemikali, wanajiolojia na wanakemia, watu waliokwisha kuajiriwa, ambao baadaye walipelekwa Iceland. Huko, Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa kilianzisha programu ya mafunzo ya jotoardhi iliyopokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1979. Mafunzo ya msingi huchukua miezi sita. Baadhi yao waliendelea hadi uzamili, wachache wakafika uzamivu, na Kenya ikawa miongoni mwa nchi zilizopeleka watu wengi kabisa.

Itazame kazi yenyewe kwa karibu. Kisima kinachimbwa hadi kilomita mbili au tatu kwenda chini. Kinachopanda si mvuke mtupu, ni mvuke uliochanganyika na maji ya moto yaliyoyeyusha silika na chumvi za mwamba. Mchanganyiko huo huingizwa kwenye kitenganishi, mvuke ukaelekea kwenye turbaini, na maji yakarudishwa ardhini kupitia kisima kingine. Maji yakipoa kupita kiasi njiani, silika huganda kwenye kuta za bomba na kulifanya liwe jembamba mwezi baada ya mwezi, mpaka presha ibadilike na mtu alazimike kulifungua na kulikwangua. Kujua silika itaanza kuganda kwenye nyuzi joto ngapi ni kemia. Kujua presha itakayopotea kutoka kisimani hadi kwenye turbaini ni mekanika ya vimiminika. Kujua mvuke huo utatoa megawati ngapi ni termodinamiki, na kuuingiza umeme kwenye gridi bila kuivuruga ni kazi ya mtu wa umeme. Mhandisi mitambo aliyefika pale bila kuwahi kuona kisima cha mvuke alihitaji miezi, wala si miaka, kwa sababu milinganyo yenyewe alikuwa nayo tayari.

Sasa mfikirie mtu aliyesoma shahada ya kwanza ya nishati jadidifu yenye muhula mmoja wa jua, mmoja wa upepo, mmoja wa biogesi na mmoja wa jotoardhi. Anayajua majina ya mitambo yote, lakini akipewa bomba moja na kuulizwa presha inapotea kiasi gani, anakwama. Zipo programu za nishati zenye msingi imara, na sitaki kuzionea. Ila msomaji azipime kwa kigezo hicho: masomo ya kukokotoa ni mangapi, na ya kusimulia ni mangapi?

Gesi ya bahari kuu ya Tanzania inatupa upande wa pili. Kuanzia mwaka 2010 kampuni za kigeni zilipata gesi nyingi mbele ya pwani ya kusini, na makadirio ya gesi yote iliyogunduliwa nchini yakafika futi za ujazo trilioni 57. Matumaini yalikuwa makubwa, na ilikuwa haki. Vyuo vikaingiza petroli na gesi kwenye programu zao, na vijana wenye ufaulu mzuri wakazikimbilia. Kisha bei ya mafuta ghafi ya Brent, iliyokuwa imepita dola 110 kwa pipa mwezi Juni 2014, ikaporomoka hadi chini ya dola 30 mwezi Januari 2016. Kampuni zikakaza mikanda dunia nzima. Zaidi ya miaka kumi baada ya ugunduzi wa kwanza, uamuzi wa mwisho wa uwekezaji katika kiwanda cha kusindika gesi cha Lindi ulikuwa bado haujafanyika.

Mhitimu wa petroli wa miaka hiyo alitoka chuoni akakuta sekta yake imerudisha mlango. Mwenzake wa uhandisi kemikali, aliyepitia sehemu kubwa ya masomo yale yale ya mtiririko na uhamaji wa joto, aliweza kupeleka barua ya maombi kwenye kiwanda cha saruji, cha bia, cha sukari au kwenye mamlaka ya maji, na bado akabaki na nafasi ya kusoma uzamili wa petroli siku bei itakapopanda. Sisemi petroli ni somo baya. Nasema ajira yake inategemea bei inayopangwa mbali na hapa, na kijana wa miaka 19 hana namna ya kuitabiri miaka minne mbele. Anayechagua petroli kama tawi akiwa na miaka 26, tayari ana shahada nyingine mkononi, anaingia akiwa ameshaona soko lilivyo.

Hata miradi ya mafuta yenyewe haijengwi na watu wa petroli peke yao. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima hadi Tanga lina urefu wa kilomita 1,443. Mafuta ya Uganda yana nta nyingi, na yakipoa hugeuka mazito hata yasiweze kusukumwa, ndiyo maana bomba hilo limebuniwa lipashwe joto kwa umeme na livikwe tabaka la kuzuia joto lisipotee. Hapo kuna tatizo la uhamaji wa joto, tatizo la umeme, uchomeleaji wa maelfu ya viungio, na udongo unaobadilika kutoka mkoa hadi mkoa.

Baada ya hapo linakuja swali la vyuo vinavyopokea wanafunzi wa uzamili, na hapa ndipo taarifa zinapokosekana zaidi. Vijana wengi hudhani kamati ya udahili husoma jina la shahada na kuamua. Ujerumani, uzamili mwingi wa uhandisi huendeleza moja kwa moja fani ya shahada ya kwanza, na kamati hupima masomo moja baada ya jingine: hisabati kiasi gani, mekanika kiasi gani, termodinamiki kiasi gani. Jina laweza kusaidia faili lifunguliwe, lakini kinachoamua ni transkripti. Mwenye shahada ya jina la kuvutia na hisabati ya mihula miwili hukataliwa, au huambiwa akazibe pengo kwanza. Uingereza uzamili mwingi ni wa mwaka mmoja, na ndani ya mwaka huo hakuna muda wa kufundishwa upya mambo ya msingi. Marekani wana uwazi zaidi: mtu anaweza kuingia kwenye uzamivu moja kwa moja kutoka shahada ya kwanza, akalipwa kama msaidizi wa utafiti au wa kufundisha, na maprofesa wengi hawaoni tabu kumchukua mtu wa fani nyingine. Wanachotaka kuona ni ushahidi kwamba hisabati haitamshinda.

Alama nazo zina neno lake. Nyumbani, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) inaruhusu kuingia uzamili kuanzia GPA ya 2.7, lakini ufadhili wa Uingereza kama Chevening na ule wa Jumuiya ya Madola kwa kawaida hudai daraja la pili la juu, ambalo kwa vyuo vya Tanzania ni 3.5 kwenda juu. Kwa hiyo kijana asichague shina asilolipenda kwa sababu tu mtu amemwambia ni pana. Mtu anayechukia saketi akilazimishwa umeme atatoka na 2.9, na hiyo 2.9 itamfungia milango mingi kuliko jina lolote la shahada. Kati ya zile nne, achague ile ambayo matatizo yake anaweza kukaa nayo usiku kucha bila kununa.

Wanaotilia shaka mpango huu huuliza kama kweli watu huvuka kutoka fani moja hadi nyingine. Wanavuka. Frances Arnold alihitimu uhandisi mitambo na wa anga Princeton mwaka 1979, akafanya kazi ya nishati ya jua, kisha akachukua uzamivu wa uhandisi kemikali Berkeley mwaka 1985. Alichokuja kuvumbua, yaani namna ya kuvielekeza vimeng'enya vibadilike maabarani, kilimpa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2018. Fazlur Rahman Khan alisoma uhandisi ujenzi nyumbani kwao Dhaka, akaenda Chuo Kikuu cha Illinois mwaka 1952, na kufikia 1955 alikuwa na shahada mbili za uzamili na uzamivu. Mfumo wake wa kusimamisha maghorofa marefu ndio uliowezesha Sears Tower ya Chicago, mita 442. Na hapa kwetu, Askwar Hilonga, mhandisi kemikali, alichukua uzamivu wa nanoteknolojia Korea Kusini, akarudi kufundisha Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha, na kutengeneza chujio la maji linaloweza kurekebishwa kulingana na uchafu wa mahali. Mwaka 2015 alikuwa mshindi wa kwanza kabisa wa Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Kihandisi inayotolewa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza. Maji ya Arusha yana floridi nyingi; aliyetaka kuliondoa tatizo hilo alihitaji kwanza kuielewa kemia yake, na nano ikaja baadaye.

Najua jibu litakalofuata: hao ni vipaji adimu. Ndiyo maana nimeitanguliza Olkaria. Wale walikuwa waajiriwa wa kawaida wa shirika la umma, na walivuka kwa makumi.

Kuna jambo jingine linalosahaulika kabisa katika mazungumzo haya, nalo ni usajili. Tanzania, mtu hatambuliki kisheria kama mhandisi mpaka asajiliwe na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ERB, chini ya Sheria Namba 15 ya mwaka 1997. Huanza kama mhandisi mhitimu, na baada ya miaka isiyopungua mitatu ya kazi chini ya usimamizi ndipo huomba kuwa mhandisi mtaalamu. Kenya ina bodi yake, EBK, na sheria yake ya mwaka 2011. Bodi hizi hutazama kwanza shahada ya kwanza: ni ya uhandisi, na programu inatambuliwa? Mtu aliyesoma fizikia kisha akachukua uzamili wa majengo Ulaya anaweza kuijua nondo na zege kuliko wengi, lakini akirudi nyumbani mhuri wa kuidhinisha michoro hana. Kenya, mvutano kati ya bodi na vyuo kuhusu nani ana mamlaka ya kuidhinisha programu ulifika mahakamani, na walioumia ni wahitimu waliokwisha kumaliza miaka mitano ya masomo. Fani pana za zamani ndizo zilizokwisha kupita kwenye chujio hilo. Programu mpya zenye majina mchanganyiko ndizo zinazopaswa kuulizwa maswali kabla, wala si baada ya kuhitimu.

Je, kuna wakati tawi lichaguliwe tangu mwanzo? Upo. Anayetaka migodi na yuko tayari kuishi Geita au Tarime asome uhandisi migodi, kwa sababu ajira yake iko kwenye shahada ya kwanza na uzamili hauongezi sana mwanzoni. Anayetaka kupima ardhi asome geomatiki. Uhandisi wa meli nao una mtiririko wake wa vyeti vya baharini, na kuuanza umri ukiwa umeenda ni kazi ngumu.

Vifaatiba vinahitaji maneno zaidi, kwa kuwa ndoto hiyo nimeiona kwa vijana wengi wenye moyo mzuri. Makerere inaitoa shahada ya vifaatiba, na Chuo Kikuu cha Afya cha Muhimbili (MUHAS) pia. Ila kijana anaposema anataka vifaatiba, anaweza kuwa anamaanisha mambo manne yasiyofanana. Kama anataka kuwa hospitalini, simu ikipigwa kwamba mashine ya oksijeni ya wodi ya watoto imezima awe yeye wa kwenda, shahada hiyo ni yake na aichukue bila kusita. Kama anataka kubuni mguu bandia unaokunja goti bila kumchosha mgonjwa, hilo ni suala la mekanika, malighafi na mwendo, na uhandisi mitambo utamfikisha mbali zaidi kabla ya uzamili. Kama kinachomvutia ni picha za MRI, anahitaji mawimbi, uchakataji wa ishara na aljebra ya matriki, vitu vya mtu wa umeme. Na kama anafikiria dawa zinazoachiliwa kidogo kidogo mwilini, njia hiyo inaanzia kwa wahandisi kemikali. Robert Langer wa MIT, ambaye kazi zake kuhusu dawa za namna hiyo zinajulikana dunia nzima, shahada zake zote ni za uhandisi kemikali.

Milango kati ya fani haifunguki sawasawa pande zote mbili. Kutoka umeme kwenda sayansi ya kompyuta, udhibiti wa mitambo au akili bandia ni rahisi. Kutoka shahada ya mitandao ya kompyuta kwenda uhandisi wa umeme mkubwa ni vigumu, kwa sababu sumakuumeme na mashine za umeme hazikusomwa. Kutoka mitambo mtu huingia anga, roboti, nishati na malighafi. Kutoka kemikali huingia mazingira, chakula, dawa, petroli na betri. Ujenzi unafungua majengo, maji, usafirishaji, udongo na mipango miji, lakini kuutoka ni kugumu kidogo kuliko fani nyingine tatu, na kuuingia ukitokea nje ni kugumu zaidi kwa sababu ya sheria za usajili nilizozitaja. Kanuni ninayoitumia ninapoulizwa ni hii: elekea kwanza palipo na hisabati nyingi kuliko unapotaka kuishia. Kushuka ni rahisi.

Kikwazo kingine ni heshima ya majina nyumbani. "Ukisoma mitambo si utaishia gereji, mwanangu?" ni swali ambalo wazazi wengi huliuliza kwa nia njema kabisa. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lina mitambo tisa ya kufua umeme, kila mmoja megawati 235, jumla megawati 2,115. Mtu wa kuelewa kwa nini turbaini inatetemeka, na kuamua izimwe au iendelee, ni mhandisi mitambo. Mzazi aliyekwisha kusikia hivyo huacha kuogopa jina.

Ubobezi wenyewe unaweza kuanza kimya kimya ndani ya shahada pana, na hili ndilo linaloniondolea shaka kabisa juu ya kungoja. Kila likizo ndefu kuna mafunzo kwa vitendo. Wanafunzi wengi huenda popote penye ndugu wa kuwapokea, ilhali wiki nane kwenye kiwanda cha kusindika maziwa au kwenye kituo cha kupozea umeme zinaweza kuwa mwanzo wa mada ya uzamili. Mwaka wa nne kuna mradi wa mwisho, na huo ndio karatasi ya kwanza ambayo profesa wa nje ataomba aione. Mwanafunzi wa mitambo aliyefanya mradi wa goti bandia, akapima nguvu zinazopita kwenye kiungo na kuandika matokeo yake vizuri, ana hoja mkononi kumzidi aliyebeba jina la vifaatiba bila kazi ya kuonyesha. Masomo ya kuchagua ya mwaka wa tatu na wa nne nayo hukusanywa hivyo hivyo. Na walimu watatu wanaokujua kwa kazi yako, si kwa sura tu, ndio watakaoandika barua zako za udhamini. Watafute tangu mwaka wa pili.

Lakini mzigo huu wote hatupaswi kumtwika kijana peke yake. Cambridge, mwanafunzi wa uhandisi husoma masomo ya pamoja miaka miwili ya mwanzo, na fani huichagua mwaka wa tatu. Ufaransa, wengi wanaokwenda shule kubwa za uhandisi hupita kwanza miaka miwili ya maandalizi, iliyojaa hisabati na fizikia. Sisi tunamtaka kijana aandike jina la fani kabla hajaingia karakana hata siku moja, hajawahi kushika tupa wala kuchora sehemu ya mashine. Masomo ya mwaka wa kwanza katika fani nyingi yanafanana tayari. Vyuo vyetu vikuu, TCU na bodi za usajili zingeweza kukubaliana kwamba mwaka huo uwe wa wote, na uchaguzi wa fani ufanyike mwishoni mwake, kwa alama na kwa mapenzi, mwanafunzi akiwa ameshaonja. Naomba wakae walizungumze hili kwa uzito unaostahili.

Nawe unayejaza fomu mwaka huu, usingoje mabadiliko hayo. Tafuta orodha ya masomo ya miaka yote minne ya kila programu unayoifikiria; idara hutoa ukiomba, na nyingi zimeiweka kwenye tovuti zao. Hesabu mihula ya hisabati. Angalia ni sayansi ngapi kati ya zile sita zimo kwa kina. Wasiliana na bodi ya usajili ya nchi yako uulize kama programu hiyo inatambuliwa, na mtafute mtu mmoja aliyehitimu hapo miaka mitatu iliyopita umuulize anafanya kazi gani leo. Ukishapata majibu hayo, ndipo ujaze.